Tanzanaiti au yakuti ya bluu kwa pete ya kila siku?
Dada, kwa pete ya kuvaa kila siku chukua yakuti. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10. Tanzanaiti ni kati ya 6 na 7, tena ikigongwa vibaya hupasuka. Mimi naipenda sana tanzanaiti, lakini kwenye hereni au kidani.

Ukitaka kuzitofautisha, usiamini rangi peke yake. Ligeuze jiwe taratibu kwenye mwanga: tanzanaiti hutoka bluu ikaingia zambarau waziwazi. Sonara mwenye kifaa cha kupima jinsi mwanga unavyopinda atakupa jibu la uhakika: tanzanaiti husoma karibu 1.69 hadi 1.70, yakuti 1.76 hadi 1.77. Yakuti pia ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule.