Pemba au Jina la Baba kwenye Kibao cha Gari?

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Kaka yangu anaishi Coventry, Uingereza, na kwa muda mrefu amekuwa akiunda gari dogo la wazi la watu wawili, mfano wa Lotus Seven, kwa chasi na bodi alizonunua mpya kiwandani, pamoja na injini, giaboksi na ekseli alizozitoa katika Mazda MX-5 ya mwaka 1998. Gari linakaribia kupelekwa kukaguliwa, naye anataka kulinunulia nambari ya binafsi. Kazi ya kuchagua ametuachia sisi ndugu zake wa huku, na tumegawanyika. Wengine tunataka isomeke Pemba, kwa herufi PE mwanzoni na MBA mwishoni, na wengine tunataka jina la marehemu baba yetu, Juma. Mtoto mkubwa wa kaka yangu anasema Pemba ni bora, kwani nambari za namna hiyo ni za mtindo mpya na zitalifanya gari lionekane jipya. Tuchague ipi, na anunue lini?
Msomaji wa kike, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yetu. Chagueni jina la baba. Sisemi hivyo kwa kuidharau Pemba, bali kwa sababu sheria ya Uingereza imekwisha kuwaamulia, na hoja ya kijana wenu ndiyo hasa inayokatazwa: mwenye gari anaruhusiwa kulivalisha nambari ya zamani kuliko umri wake, lakini haruhusiwi kulivalisha nambari itakayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo.

Nambari za huko hueleza umri wa gari. Mtindo wa sasa, wa herufi mbili, tarakimu mbili na herufi tatu, ulianza Septemba 2001, na tarakimu zake hubadilika kila Machi na Septemba. Hapo ndipo ingepatikana Pemba yenu, PE na MBA zikiwa zimetenganishwa na tarakimu mbili. Kabla yake, kuanzia 1983, herufi ya kwanza ndiyo iliyotaja mwaka. Gari la kaka yenu, kwa kuwa limebeba viungo vikuu vya Mazda ya 1998, likikubaliwa litapewa nambari inayolingana na umri wa Mazda hiyo, yaani inayoanza na R au S kutegemea mwezi iliposajiliwa. Nambari yoyote ya baada ya Septemba 2001 itakuwa imelipunguzia umri, na itakataliwa.

Juma, kwa upande wake, inaingia bila ya taabu. Herufi J ilitumika kuanzia Agosti 1991 hadi Julai 1992, kwa hivyo nambari yenye J, kisha tarakimu, kisha UMA, ni ya zamani kuliko gari, na hakuna wa kuipinga kwa sababu ya umri. Bahati yenu kwamba marehemu hakuitwa Issa wala Omar, maana herufi I na O hazikuwahi kutumika kutaja mwaka katika mtindo huo. Kama kuna asiyetaka mwaka ujulikane kabisa, zipo nambari za Ireland ya Kaskazini, zenye I au Z ndani yake, ambazo hazitaji mwaka wowote na huwekwa kwenye gari la umri wo wote. Lakini ukitafuta jina humo, aghalabu utaliona kwa kulazimisha macho.

Yote hayo yanasimama juu ya sharti moja, nalo linanitia wasiwasi zaidi kuliko mabishano yenu. Tunayakumbuka magari yetu ya shamba, bodi ya mbao iliyochongwa na seremala juu ya chasi ya lori: ukiuliza gari lile ni la mwaka gani, jibu hutoka kwenye chasi na karatasi zake, wala halitoki kwenye mbao. DVLA, idara inayosajili magari huko, huuliza vivyo hivyo, kila kipande kimetoka wapi na ushahidi uko wapi. Kaka yenu asipoweza kuonyesha risiti za vipande vipya na kitabu cha usajili cha ile Mazda, umri wa gari utahesabiwa kuwa haujulikani na litapewa nambari inayoanza na Q. Gari lenye Q haliwekewi nambari ya binafsi ya aina yoyote, iwe ya zamani au mpya. Basi kabla ya kuulizana juu ya jina, mwulizeni kama karatasi anazo.

Kwa sababu hiyo asinunue sasa. Kwanza gari lipite ukaguzi unaofanyiwa magari ya kuundwa mojamoja, kisha lisajiliwe, na nambari ya kwanza ionekane kwa macho. Ikiwa ni R au S, hapo ndipo aitafute J yake. Akikuta inayomfaa inauzwa na akahofia kuikosa, anaweza kuinunua na kuihifadhi, kwani cheti cha haki ya kuitumia hudumu miaka 10 na huweza kuongezwa muda. Lakini litakapotoka Q, atabaki na cheti kisichokuwa na gari. Nawaombeni pia, mkichanga fedha kutoka Pemba, cheti kiandikwe kwa jina lake tangu mwanzo, maana kinachonunuliwa ni haki ya kutumia nambari tu, na kila la kufanywa na cheti hufanywa na aliyeandikwa ndani yake.

Kuhusu tarakimu, ikiwezekana achukue moja tu, hata ikimgharimu zaidi. J na UMA zikitenganishwa na tarakimu tatu, hakuna atakayeona Juma isipokuwa nyinyi mlioambiwa. Iko na sababu ya kifundi: magari ya mfano wa Seven yana pua nyembamba, na kipimo cha herufi hakipunguzwi kwa ajili yao. Kila herufi ni lazima iwe na kimo cha milimita 79 na upana wa milimita 50 (isipokuwa I na tarakimu 1, ambazo ni nyembamba), ziachane kwa milimita 11, na kati ya makundi mawili iwe milimita 33. Kwa hesabu hiyo, pamoja na nafasi ya pembezoni, Juma yenye tarakimu moja hukaa kwenye kibao cha takriban sentimita 34, ilhali nambari ya herufi na tarakimu saba huhitaji karibu 46. Asije akashawishika kusogeza tarakimu au kutia skrubu nyeusi ili jina lisomeke vizuri zaidi. Faini yake hufika paundi 1,000, na gari hushindwa katika ukaguzi wa kila mwaka.

Bei hutegemea nambari yenyewe. Ada ya kuihamishia kwenye gari ni paundi 80, na DVLA inapouza yenyewe huwa imeshaijumuisha. Minadani ajiwekee kikomo kabla ya kuingia, maana watu huko husahau walichokifuata: mwaka 2014 nambari 25 O ilifika zaidi ya paundi 500,000 pamoja na ada zake.

SWALI: Mjomba wangu anarudi moja kwa moja kutoka Uingereza na gari lake la kuunda, lenye nambari ya binafsi. Je, ataendelea kuitumia hapa?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Hapana. Likisajiliwa Zanzibar litapewa nambari inayoanza na Z kama magari mengine. Ila kabla ya kulisafirisha aiondoe nambari yake kwenye gari kupitia DVLA na apewe cheti cha kuihifadhi, kwa ada ya paundi 80, kwani gari likishaandikwa kuwa limetoka nchini nambari ikiwa bado imo ndani ya kitabu chake, haki yake huweza kupotea. Cheti hicho anaweza baadaye kumwandikia mtoto wake aliyebaki huko, ikiwa gari la mtoto si la zamani kuliko nambari.