Ekstensheni ya saluni inapata moto, nifanyeje?

Dada wa Ujiji, pole. Umesema ekstensheni inapata moto, plagi imekuwa kahawia, na fundi kakushauri uweke fyuzi kubwa zaidi. Tafadhali usikubali! Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua.

Piga hesabu: plagi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230 inabeba kama wati 3,000. Drayer ya kusimama wati 1,000, ya mkono 2,000, jagi la umeme la kuchemshia maji 1,800; tayari ni 4,800. Na waya uliokunjwa chini ya zulia haupoi. Ile harufu ya samaki uliyoitaja ni plastiki ya soketi inaungua. Hapo Kigoma ni rahisi kudhani ni dagaa wa jirani.

Leo zima, chomoa ekstensheni hiyo, itupe. Soketi ya ukutani ikiwa na weusi, au plagi ikicheza ndani yake, zima breka yake na uite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Mwambie aongeze soketi za ukutani kwa waya wa milimita za mraba 2.5, kila drayer na yake.

Moto ukishika usimwagie maji. Zima meni swichi kama inafikika, toeni wateja, piga zimamoto 114.