Ukoka una mabonde? Usikimbilie kumwaga udongo

Vijana mnaoanza kazi ya gadeni hapa Dar, naona mtu akiitwa kwenye ukoka wenye mabonde kitu cha kwanza anaagiza udongo anamwaga juu, anapokea hela anasepa. Jamani subirini. Ulizeni kwanza hapo pametitia kwa nini. Bonde likiwa limenyooka kuelekea ukutani basi chini kuna mtaro wa bomba, walirudishia udongo bila kushindilia na bado unashuka. Likiwa la duara jirani na shimo la choo usiguse kabisa, mwenye nyumba aite fundi akague mfuniko, mtu anaweza kutumbukia hapo. Na nyumba mpya yenye mabaka ya njano, chimba kidogo tu utakutana na plasta na mifuko ya simenti mafundi walifukia, sasa hapo hata umwage gunia zima la mbolea ni bure, toa takataka kwanza.

Bonde dogo ni rahisi ila watu wana haraka. Fyeka uwe mfupi, changanya mchanga wa mto (wa bahari una chumvi, achana nao), udongo na samadi iliyooza kweli kweli, weka sentimita 1 hivi alafu vuta kwa rula ile ya mafundi wa plasta, mimi naipenda kuliko reki maana inapita juu ya vilima inajaza mabonde yenyewe. Ncha za majani lazima zionekane, ukizifunika zote ukoka unakosa mwanga unaoza. Majani yakishapanda juu ndo unarudia. Bonde likiwa na kina cha sentimita 5 na kuendelea kata ukoka kwa koleo, ukunje pembeni na mizizi yake, jaza chini, shindilia, mwagia maji, urudishe. Kilima ni hivyo hivyo ila unatoa udongo.

Alafu huo udongo mweusi wa lori, shika mkononi upepete kabla haujashushwa, ukiona vile viazi vidogo vyeusi vya ndago, lile gugu sugu, kataa mzigo. Ndago ukiivuta inakatika, kiazi kinabaki chini kinachipua upya, utakuwa umemuuzia mteja balaa.

Penye upara chini ya mwembe msilazimishe ukoka mwembamba, unataka jua, wekeni ukoka wa pemba, ule wa majani mapana unaovumilia kivuli. Pandikiza vipande, fundo mbili tatu ziingie ardhini ncha ibaki nje. Muda mzuri ni vuli ikianza au mwanzoni mwa masika, ukisubiri mvua zikolee udongo wako wote utahamia kwa jirani.

Na bei msitaje kwenye simu. Nenda, mwagia maji uone yanatuama wapi, ndo upige hesabu, udongo mbali na ufundi mbali, na safari ya kurudi kuongezea iwe ndani ya bei toka mwanzo maana udongo mpya lazima ushuke, ukija kuidai baadae mteja ataona unamuibia.