Ukitoka Jeshi la Marekani, Serikali Inakupa Kazi? Jibu kwa Mlioko Nyumbani

Swali hili halikauki kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Nairobi na Arusha hadi Bukavu: eti mtu akishaingia jeshi la Marekani, siku akitoka serikali inampa kazi, na mkewe naye anatafutiwa ya kwake. Jibu fupi ni kwamba hapewi mtu. Sheria inamsogeza askari wa zamani mbele kwenye foleni, na mwenza wake inamfungulia mlango wa pembeni. Kupanga foleni ni juu yake mwenyewe, na mlangoni wanadai karatasi.

Kabla ya hapo, tuondoe uzushi mmoja. Huwezi kujiandikisha jeshi hilo ukiwa Kakamega au Mwanza. Lazima uwe raia, au uwe unaishi Marekani tayari na una grinikadi mkononi. Kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza mwaka 2008, uliowachukua hata wenye viza za masomo kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwamo. Tangu 2016 haupokei waombaji wapya. Anayekuambia leo kwamba anaweza kukupitisha huko kwa ada kidogo anataka hela zako tu.

Wengi wanakwama kwenye uraia. Kazi nyingi za serikali kuu, zile za kushindaniwa, hawapewi wasio raia, na msingi wake ni amri ya rais namba 11935 ya mwaka 1976. Askari mwenye grinikadi anaweza kutumikia miaka minne kwa heshima, akatoka, na bado akakuta tangazo baada ya tangazo limeandikwa "raia wa Marekani tu". Dawa yake ni kumaliza suala la uraia akiwa bado kwenye gwanda. Kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 kinahesabiwa kuwa cha uhasama, kwa hiyo hasubiri ile miaka mitano ya kawaida. Anajaza fomu N-400 ya kuomba uraia bila kulipa ada, na kikosi kinathibitisha utumishi wake kwenye N-426. Hiyo N-426 ndiyo hukaa mezani kwa mtu wiki na wiki, kwa hiyo afuatilie mwenyewe bila aibu. Ajue pia kwamba akifukuzwa jeshini kwa njia isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi, uraia huo unaweza kutwaliwa. Mkenya anaruhusiwa kubaki na uraia wake kwa katiba ya 2010. Mtanzania aliye mtu mzima anaupoteza wa kwao, na hilo aliamue kwa macho mawili kabla ya kula kiapo.

Wanaume wana kikwazo kingine kisichotangazwa. Aliyeishi Marekani akiwa kati ya miaka 18 na 25 kwa grinikadi au kama mkimbizi alitakiwa awe kwenye daftari la Selective Service, yaani orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Asipokuwamo, ofisi ya serikali inaweza kumkataa hadi athibitishe kwamba hakukwepa kwa makusudi. Aliyefika akiwa ameshatimiza 26 hahusiki, lakini aombe barua yao ya kueleza hali yake na aiweke tayari. Hili huwapata zaidi waume wa askari wa kike.

Sasa kuhusu pointi za upendeleo, zile zinazoongezwa kwenye alama za mwombaji kazi, ambako watu wanadanganyana sana. Si kila aliyepiga gwaride anazipata. Pointi tano ni za aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, mradi hata sehemu ndogo ya siku hizo iangukie kati ya Septemba 11, 2001 na Agosti 31, 2010, au aliyepata medali ya kampeni inayotambuliwa. Kijana aliyeingia mwaka 2016, akakaa Texas miaka minne akitengeneza malori, hakupelekwa popote na akatoka mzima, anaweza kutoka bila pointi hata moja. Pointi kumi ni za mwenye ulemavu au ugonjwa uliotokana na utumishi, au mwenye nishani ya Purple Heart. Huyo huambatisha fomu SF-15 na barua ya VA, idara inayohudumia askari wa zamani.

Kwenye hiyo VA, askari wetu wanajiumiza wenyewe. Wanaona haya kwenda kliniki kusema goti linauma au masikio yanavuma, wanaogopa kuonekana dhaifu, kisha wanatoka na faili jeupe. Madai ya ulemavu yanaweza kuwasilishwa VA kabla ya kutoka, kati ya siku 180 na 90 kabla ya tarehe ya mwisho, na majibu yakawahi kurudi mapema. Asilimia ya ulemavu anayopewa mtu na VA ina uzito kwenye ajira kuliko watu wanavyodhani. Ofisi nyingi zimekuwa hazijumlishi pointi. Huwagawa waombaji katika makundi ya ubora, na mwenye haki ya upendeleo hutangulia ndani ya kundi lake. Mwenye asilimia 10 au zaidi, akitimiza sifa za chini, hupandishwa hadi kundi la juu kabisa, isipokuwa kwa kazi za kitaaluma na kisayansi za daraja la GS-9 kwenda juu (GS ni ngazi za mishahara serikalini). Mwenye 30 na zaidi anaweza kuajiriwa bila ushindani kabisa, kwa daraja lolote analolistahili. Tena katika miezi 12 ya kwanza kazini anapata saa 104 za likizo ya matibabu ya ulemavu huo.

Asiye na asilimia bado ana njia. Utaratibu wa ajira uitwao VRA unaruhusu ofisi kumchukua bila ushindani hadi GS-11, mradi ana sifa na, kwa mfano, hajamaliza miaka mitatu tangu atoke jeshini; baada ya miaka miwili ya kazi nzuri anakuwa mwajiriwa wa kawaida. Utaratibu mwingine, VEOA, unamruhusu mwenye haki ya upendeleo, au aliyetumikia miaka mitatu mfululizo, kuomba nafasi ambazo kwa kawaida ni za walio ndani. Huko pointi hazihesabiwi. Watu hulalamika kwamba wameonewa, kumbe walipita mlango ambao pointi hazifanyi kazi.

Karatasi kuu ni DD-214, cheti cha kutoka jeshini, nakala iitwayo Member 4. Ile fupi haionyeshi umetoka kwa sifa gani, na ombi hutupwa hapo hapo. Aliye bado jeshini aombe barua ya kikosi inayosema atatoka kwa heshima ndani ya siku 120; kwa sheria ya VOW ya 2011 anaruhusiwa kuomba mapema.

Kuhusu mke au mume, amri ya rais namba 13473 ya mwaka 2008 ndiyo iliyowapa njia ya kuajiriwa bila ushindani. Inawahusu wenza wa walio kazini, wenza wa waliopata ulemavu wa asilimia 100, na wajane wa waliofia kazini ambao hawajaolewa au kuoa tena. Wanaambatisha cheti cha ndoa na amri ya uhamisho au ya utumishi; mjane huweka DD-1300, ripoti ya jeshi ya kifo. Cheti cha ndoa kilichoandikwa Kiswahili kitafsiriwe rasmi, na mahari iliyolipwa mbele ya wazee haitoshi bila usajili wa serikali. Halafu turudi palepale: mwenza naye lazima awe raia. Shemeji aliyefika mwaka jana kwa grinikadi ya ndoa atasubiri, kwa kawaida miaka mitatu, isipokuwa askari akipangiwa kituo nje ya Marekani naye ana amri ya kumfuata. Hapo njia ya uraia hufupishwa. Wakati anasubiri, asikae bure: mpango wa jeshi uitwao MyCAA hulipia mafunzo ya kazi hadi dola 4,000 kwa wenza wa askari wa vyeo vya chini. Maombi yaidhinishwe kabla ya darasa kuanza, la sivyo bili ni yake.

Matangazo yako USAJOBS, tovuti ya kazi za serikali kuu, na kuomba ni bure. CV za kurasa tano zimekwisha: tangu Septemba 27, 2025 mwisho ni kurasa mbili. Kila kazi iwe na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, na saa kwa wiki. Ukisahau saa, anayepitia hawezi kukuhesabia ule mwaka mmoja wa uzoefu unaodaiwa. Lugha ya jeshi uiache jeshini. Ukiandika "92Y" hakuna anayekuelewa. Andika kwamba ulitunza stoo, vifaa vya thamani gani, ukisimamia watu wangapi. Kwenye maswali ya kujipima, ukijisifu kwa jambo ambalo CV haionyeshi, unashushwa. Matangazo mengine hufungwa yakifika maombi 100, hata kama tarehe bado. Digrii ya Makerere au Mlimani, kazi ikidai elimu, ipitie kwanza taasisi ya kutathmini vyeti vya nje.

Ukichaguliwa, kazi haijaanza. Nafasi yenye siri za serikali ina fomu SF-86, nayo inauliza ndugu walioko nje, mali ya nje na fedha unazowatumia watu wasio raia wa Marekani. Kiwanja cha Kitengela kiandike. M-Pesa ya kila mwezi kwa mama iandike. Kumtunza mama si kosa. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Na usalama wa kazi hizi si ule wa hadithi. Januari 20, 2025 ajira zilisimamishwa, na Februari maelfu waliokuwa kwenye majaribio waliondolewa, askari wa zamani na wenza wa askari wakiwamo. Kuanzia Oktoba 1 mwaka huohuo serikali ilifungwa siku 43 na wafanyakazi wengi walikaa bila mshahara. Kutoka kuomba hadi kuripoti, miezi mitatu si ajabu hata nyakati tulivu, kwa hiyo usiache kazi ya ghala kwa sababu ya barua pepe ya "umependekezwa".

Aliyeipata asisahau kununua miaka yake ya jeshi ili ihesabiwe kwenye pensheni: kwa kawaida asilimia 3 ya mshahara wa msingi wa jeshini, na akimaliza mapema, ndani ya miaka miwili ya kwanza, halipi riba. Asiye raia bado, ajaribu posta. USPS huajiri wenye grinikadi, upendeleo wa askari wa zamani unatambuliwa huko, na mtihani wake haulipiwi.