Maswali kwa Fundi wa Kamera: Ukiona Err 01, Usikimbilie Kununua Bodi Nyingine

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga. Natumia Canon EOS 700D na lenzi ya kuvuta ya mm 18-55 iliyokuja nayo. Mwezi uliopita nilipiga picha za maharusi ufukweni Raskazone, na baada ya hapo kamera ikaanza kugoma. Nikibonyeza, shata inalia mara moja, kisha kioo kinaandika Err 01, kwamba mawasiliano ya kamera na lenzi yana hitilafu, nisafishe vidoti vya lenzi. Nimesafisha mpaka nimechoka. Cha ajabu, usiku ukumbini inapiga vizuri tu, ila mchana inasumbua. Fundi mmoja ameniambia saketi kuu imekufa, ninunue bodi nyingine, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Jumamosi nina harusi na malipo ya awali nimeshapokea. Nifanyeje?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Bodi usinunue kwanza. Katika barua yako kuna maneno ambayo kwangu yana uzito kuliko mengine yote: usiku inapiga, mchana inasumbua. Saketi iliyokufa haichagui usiku wala mchana. Kinachobadilika kati ya ukumbini na juani ni apacha, lile tundu la ndani ya lenzi linalofunguka na kujifunga.

Kamera za EOS, tangu zilipotoka mwaka 1987, hazina kijiti cha chuma cha kusukuma apacha kutoka kwenye bodi. Kila kitu kinapita kwenye vile vidoti vya rangi ya dhahabu: umeme wa kuendesha mota, amri za kamera, na majibu ya lenzi. Apacha ina mota yake humo humo ndani ya lenzi. Unapochungulia kulenga, inakaa wazi kabisa ili uone vizuri. Ukibonyeza, ndipo kamera inaiamuru ijifunge hadi f/8, au kiasi chochote ulichochagua (namba ya f ikikua, tundu hupungua). Lenzi isipoitikia inavyotakiwa, kamera inasimama na kuandika Err 01. Sasa usiku ukumbini unapiga kwa f/3.5 au f/5.6, tundu likiwa wazi mpaka mwisho wake, hivyo hakuna amri ya kujifunga. Mchana kamera inataka f/8 au f/11, na hapo ndipo mgomo unapoanza.

Kwa hiyo ujumbe ule unakuonyesha mazungumzo yalipokatikia, haukuambii nani kayakata. Kamera inakwambia usafishe kwa sababu hilo ndilo mwenye kamera anaweza kulifanya mwenyewe nyumbani. Ukishasafisha vizuri na tatizo likabaki, acha kusugua, anza kupima.

Pima hivi. Chaji betri ijae, maana betri iliyochoka nayo huleta ujumbe wa uongo. Funga lenzi ukiwa umezima kamera, uizungushe mpaka usikie imejifunga. Weka gurudumu kwenye Av, modi ambayo wewe ndiye unachagua apacha, vuta lenzi iwe 18, chagua f/3.5, upige picha kadhaa. Halafu usiguse kingine chochote, badilisha tu f/3.5 iwe f/8, upige tena. Ikikubali ya kwanza na kukataa ya pili, tatizo liko upande wa apacha. Usiishie hapo. Ukiwa bado kwenye f/8, piga lenzi ikiwa 18, kisha 24, kisha 35, kisha 55. Lenzi nyingi za kuvuta zinazoletwa mezani kwangu na malalamiko kama yako hukubali sehemu moja na kukataa nyingine. Yako ikifanya hivyo, mshukiwa wangu wa kwanza ni fleksi ya apacha.

Fleksi ni utepe mwembamba wa plastiki ya rangi ya kahawia, na ndani yake zinapita njia za shaba. Apacha husafiri mbele na nyuma pamoja na vioo kila unapozungusha pete ya kuvutia, kwa hiyo utepe ule hukunjwa na kukunjuliwa siku nzima ya harusi. Mwisho hukatikia penye mkunjo, kama waya wa chaja ya simu unavyokatikia shingoni. Ukiulaza chini ya kioo cha kukuzia unaonekana mzima kabisa. Uinamishe kidogo kwa kibano, hapo utaona njia moja ya shaba inaachana na kaufa keusi kanajitokeza. Ukiunyoosha, ufa unajifunga na umeme unapita tena. Ndiyo sababu lenzi ile ile inapiga ikiwa 18 na kugoma ikiwa 35, na ndiyo sababu watu hudhani kamera ina mashetani.

Jaribio la mwisho ni kuazima lenzi ya mwenzako, iwe nayo ya Canon EF au EF-S. Ikipiga kwa f/8 kwenye bodi yako bila tabu, bodi yako ni nzima, na aliyekwambia saketi imekufa hakupima. Jambo hili linaniuma sana. Nawaona vijana wanauza pikipiki ili wanunue bodi, na wakifika nyumbani na bodi mpya wanafunga lenzi ile ile mbovu, Err 01 inarudi. Fundi yeyote akikwambia saketi kuu imekufa, mwombe akuonyeshe kamera ikigoma kwa lenzi nyingine mbele ya macho yako. Akikataa, chukua mzigo wako uondoke.

Ikitokea kila lenzi inagoma kwenye bodi yako, hapo nitakubali kwamba bodi ina neno, lakini bado si lazima iwe saketi. Igeuze kamera uso wake utazame chini ili vumbi lisiingie ndani, umulike zile pini zilizo chini ya kioo chake cha ndani. Kila pini ina springi. Ziwe zimesimama kimo kimoja. Ibonyeze kila moja taratibu kwa kijiti cha meno, inatakiwa irudi yenyewe. Iliyozama isirudi ndiyo yenye kosa, na mara nyingi ni uchafu au springi iliyochoka. Angalia pia pete ya kufungia lenzi. Ukiishika lenzi na kuitikisa kidogo ikacheza, huenda skrubu za pete zimelegea, na vidoti havigusani sawasawa. Hizo skrubu zinataka bisibisi ya kipimo chake. Bisibisi ya nyota ya kawaida huzila vichwa, na baada ya hapo hakuna fundi atakayezifungua bila kutoboa.

Na chumvi ya Raskazone? Kwa maelezo yako naona haina hatia. Chumvi ikikauka kwenye vidoti, lenzi hugoma ovyo, kwa f/3.5 na f/8 bila kubagua, na mara nyingi hata fokasi, yaani kulenga picha itoke kali, husitasita. Yako inachagua.

Sasa Jumamosi. Ukipata lenzi ya kuazima, hilo ndilo bora. Usipopata, na kama kipimo kimeonyesha inakubali tundu likiwa wazi, unaweza kupiga harusi nzima hivyo hivyo. Usitumie modi ya kijani wala P, kwa sababu huko kamera inajichagulia apacha na itakuingiza kwenye f/8 bila kukuuliza. Kaa kwenye Av na uchague namba ndogo kuliko zote inayokupa: f/3.5 ukiwa 18, f/5.6 ukiwa 55. Juani weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100. Kwa f/3.5 kasi ya shata itapanda hadi karibu 1/2000 ya sekunde, na kwa f/5.6 karibu 1/800, na kamera yako inafika 1/4000, kwa hiyo bado una nafasi. Kinachokosekana ni flashi mchana kweupe, kwa kuwa kamera hiyo kwa kawaida haipatani na flashi zaidi ya 1/200. Wapeleke maharusi kwenye kivuli cha mti. Usiogope picha za ukoo pia. Ukiwa 18 kwa f/3.5, simama kama mita 4 kutoka safu ya mbele, fokasi hapo, na safu ya pili itatoka safi. Ukumbini endelea kama ulivyozoea.

Harusi ikiisha, ipeleke lenzi kwa fundi na umwambie maneno haya: "Inagoma apacha ikijifunga, naomba uangalie fleksi." Mwulize bei kabla hajafungua. Kwa lenzi ya 18-55 ufundi unaweza kukaribia bei ya lenzi nyingine iliyotumika, na ikiwa hivyo nunua nyingine, ukaipime kwa f/8 pale pale dukani, ukiivuta kutoka 18 hadi 55, kabla hujatoa pesa. Ile mbovu usiitupe. Vioo vyake na mota ya fokasi vitamfaa mtu.

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mjomba wangu aliyekuwa mpiga picha hapa Mombasa amenirithisha lenzi yake ya Nikkor (jina la lenzi za Nikon) mm 50, ya chuma tupu, ina pete ya apacha ya kuzungusha kwa mkono. Nimeifunga kwenye Nikon D3200 yangu, imeingia vizuri, lakini kamera inaandika F-- na kusema lenzi haijafungwa. Nikibonyeza haipigi. Je, nimeharibu kamera?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam. Hujaharibu kitu, na hiyo lenzi itunze. Igeuze utazame nyuma yake: haina kidoti hata kimoja. Nikon imeshikilia ufungaji wa aina ya F tangu 1959, ndiyo maana lenzi ya mjomba imeingia bila tabu, lakini enzi zake lenzi na kamera hazikuongea kwa umeme. D3200 inauliza, haijibiwi, basi inahesabu kwamba hakuna lenzi.

Weka gurudumu kwenye M, modi ya kujipangia kila kitu mwenyewe, itapiga. Haitakupimia mwanga wala kukufokasia, hivyo zungusha pete mwenyewe, piga, tazama picha na mchoro wake wa mwanga, rekebisha. Kwa picha za watu waliotulia utaipenda mno. Ukija kuhamia D7000, hiyo unaweza kuiandikia mm 50 na apacha yake kubwa kwenye menyu, ikakupimia mwanga. Ila chunga: kama lenzi ni ya kabla ya 1977 na haijafanyiwa marekebisho, usiifunge kwenye D7000. Pete yake inaweza kuvunja kijino kilicho pembeni ya mdomo wa kamera. Mwonyeshe kwanza fundi anayezijua Nikkor za zamani.

Ukikutana na fEE badala ya F--, hiyo ni habari nyingine. Inatokea kwa lenzi yenye vidoti na pia yenye pete ya apacha. Zungusha pete hadi namba kubwa kuliko zote, kwa kawaida f/16 au f/22, uifunge hapo.

SWALI: Nimenunua lenzi ya zamani ya Sigma, ya kufungia kwenye Canon, kwenye mitumba ya Arusha. Kwenye kamera yangu ya dijitali inapiga ikiwa wazi tu, nikifunga apacha kidogo inaleta Err. Nimesoma majibu yako kwa wengine, nikafungua lenzi, fleksi naiona nzima.
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Dada, umefanya kazi nzuri ya kupima, na fleksi yako huenda ni nzima kweli. Sigma nyingi za enzi za filamu hazielewani na Canon za dijitali. Amri ya kufunga apacha inapofika, lenzi haiielewi. Ijaribu kwenye EOS ya filamu: ikipiga kwa f/8, umepata jibu. Dawa yake ilikuwa kubadilishiwa chipu na watengenezaji wenyewe, na kwa lenzi za umri huo vipuri ni shida. Itumie ikiwa wazi, au mpe mtu mwenye EOS ya filamu. Kusafisha hakutaisaidia.

SWALI: Vidoti vya lenzi nivisafishe kwa kifutio cha penseli? Jirani yangu anatumia msasa laini.
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Msasa hapana kabisa, leo wala kesho. Dhahabu iliyopakwa pale ni tabaka jembamba sana, likitoka, chuma cha chini kinaanza kushika kutu kwa upepo wa bahari wa hapo kwenu. Kifutio nacho kina mchanga ndani yake na kinaacha unga unaoingia kwenye pini. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kikavu, futa vidoti kwa kufuata mstari wao. Visipotakata, lowesha kidogo ncha ya kitambaa kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, futa, subiri ikauke kabla ya kufunga lenzi. Spiriti usiimwage juu ya lenzi, wala usipulize kwa mdomo, mate yana unyevu na chumvi. Mafuta ya kulegeza kutu weka mbali na kamera. Ukitoka pwani kupiga picha, futa pete ya lenzi kwa nje kabla hujaifungua, ndipo ufute vidoti.