Barua kwa mwanangu: babu yako na kile kingozi cha pampu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama yako akiwa anachambua mchicha. Unauliza kwanini na sisi Tanzania tusifanye kama hapo Afrika Kusini ulipo, watu wapigie kura chama, chama kiwe na orodha yake ya majina, afu viti 400 vya bunge vigawanywe kulingana na kura. Sasa swali hilo mi linanirudisha 1985, pale chini ya mwembe wa shule.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, dada yako alikuwa mgongoni kwa mama yenu. Chama kilikuwa kimoja lakini jimbo lina wagombea wawili, huyu alama yake jembe yule nyumba, na walikuwa wanaletwa pamoja, jukwaa moja. Mmoja ndo alikuwa mbunge wetu miaka kumi. Babu yako akasimama na mkongojo wake, akatoa mfukoni kile kingozi cha ndani ya pampu ya kisima, kimekauka kimejikunja kama ulimi wa kiatu cha zamani, akasema mheshimiwa, hiki tumekuletea mara tatu, leo naomba ukae nacho. Akamkabidhi mkononi. Watu kimyaa. Yule bwana hajui akiweke wapi, mpaka anashuka jukwaani bado kakishika. Oktoba tukampa mwenzie kura, mheshimiwa akaanguka. Aisee nikikumbuka mpaka leo moyo unanijaa!

Ndo maana nasema kila siku, mbunge anamsikiliza yule anayeweza kumnyang'anya kiti. Hata 1965 Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha na wananchi wakamwangusha.

Ila nisikudanganye, yale majina mawili hatukuyapanga sisi, yalichujwa huko juu na Halmashauri Kuu ya chama ndo ilikuwa na neno la mwisho, na ukiuliza kwanini sukari haipo dukani, wa jembe na wa nyumba wanakujibu kitu kimoja. Kwahiyo babu alishinda la pampu tu, la sukari hakuwa na wa kumwangusha.

Afu ikaja 1995, vyama vingi, kwetu wakasimama wanne. Sheria yetu ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake anachukua, hata zisipofika nusu, na aliyechukua hazikufika. Kijiji chetu tulikuwa tumemnyima. Akaja mara moja tu, akatuambia barabara itaanzia kwa walionichagua. Mwanangu hilo linaniuma mpaka leo, maana kura zetu zilikuwa kama hazikupigwa. Hapo nakuelewa, kwa mfumo wa hapo ulipo zingehesabika mahali.

Lakini kwenye orodha yako babu angemkabidhi nani kile kingozi? Na orodha tunazo, viti maalum ni nini? Chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za wabunge kinapewa mgao wake wa viti vya wanawake, majina kinapanga chenyewe. Mbunge wa hivyo anaogopa chama chake.

Sema shangazi yako akinisikia atanikumbusha yule mama wa viti maalum aliyeingia wodi ya wazazi akakuta wawili kitanda kimoja, akalisimamia mpaka vitanda vikaja, wakati mbunge wetu wa jimbo hajawahi kukanyaga. Ni kweli, sina cha kubisha. Na huyo wa jimbo mwenyewe chama kikimfukuza uanachama ubunge umekwenda, na mgombea binafsi hawamtaki japo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilishampa haki 2013 Mchungaji Mtikila, yule aliyeishtaki serikali kwa jambo hilo. Kwahiyo naye ana mabwana wawili, na anayemfikia haraka sio sisi.

Majirani zenu Lesotho wamechanganya, 80 wa majimbo na 40 wa kusawazisha kura. Nilitaka nikuambie chukueni hiyo basi, mama yako kanikatiza anasema mwache mtoto aamue mwenyewe. Haya, siamui, ingawa ulimi unaniwasha.

Ila nifanyie kitu kimoja, waulize jirani zako hapo, wakiwa na shida wanamfuata mbunge gani, kwa jina, uniandikie.

Baba yako