Matone ya antioksidanti kwa mtoto wa jicho
Pole dada, umeuliza kama mama awekewe yale matone ya antioksidanti (vitu vya kukinga seli zisiharibike) alouziwa pale sokoni Mwaloni ili mtoto wa jicho, yaani ule ukungu kwenye lenzi ya jicho, ayeyuke. Hapana, tafadhali msimwekee. Ukidondosha dawa machozi yanaiosha fasta, konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, nayo ni ukuta, kinachopenya ndani hakifiki hata asilimia 5, na hakuna ushahidi wa maana kwamba hicho kidogo kinaondoa ukungu kwenye lenzi, dawa yake ni oparesheni tu, wanatoa lenzi iliyochafuka wanaweka ya plastiki. Hata vidonge vya luteini, nayo ni antioksidanti, vilivyojaribiwa kwenye utafiti mkubwa wa macho uitwao AREDS2 kule Marekani, majibu ya 2013, havikupunguza oparesheni hizo. Mpeleke kliniki ya macho ya hospitali ya Bugando wiki hii aisee, na hiyo chupa mwende nayo waione.